Bi Amri na Kasoro za Nyumba Mbili

Ofisini walimwita Bi Amri, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alikuwa mtu wa kuamrisha, hilo ni kweli: sogeza kiti, funga dirisha, usile mbele ya kompyuta yangu. Lakini asili ya jina haikuwa hiyo. Wenzake walifanya kazi kwa kubofya huku na huku kwenye vidirisha vya rangi. Yeye alifungua skrini nyeusi tupu, isiyo na picha wala kitufe, akaandika amri kwa maneno, akagonga kibodi, na kompyuta ikatii. Kipanya alichopewa siku ya kwanza ya kazi alikifungia kwenye droo, na walipomuuliza akasema panya hawafugwi ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la vioo. Kila lori lilipopita, vioo vya chini vililia na watu wa juu wakashika vikombe vyao. Walitengeneza programu ya foleni, yaani ile mashine inayosimama mlangoni: unabonyeza, inakutemea kikaratasi chenye namba, unakaa, halafu sauti ya mwanamke inaita, "Namba kumi na tisa, dirisha la pili." Sauti hiyo ilikuwa ya Bi Amri. Kampuni ilipoanza haikuwa na uwezo wa kumkodi mtangazaji, basi walimfungia chumbani na godoro la kuzuia mwangwi, akahesabu mpaka koo likakauka. Tangu hapo, kila alipoingia mahali penye mashine yao na kumuuliza mtu njia, watu wawili watatu walitazama vikaratasi vyao na kusimama.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa kushona sofa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na mkewe naye akafuata hivyo hivyo. Waliishi pamoja na mama mkwe, mama yake Fundi, aliyekuja kuwatembelea alipofanyiwa upasuaji wa jicho, jicho likapona, yeye akabaki. Watoto walikuwa shule ya bweni.

Mama mkwe hakuwahi kuielewa kazi ya mkwewe. Siku moja alimsikia akisema kwenye simu, "Leo nimeua wadudu wengi, mmoja tu ndiye amenishinda," kwa maana watu wa programu huziita kasoro zao wadudu. Bibi huyo akaondoka na lake. Akawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe ni mpuliza dawa. Haukupita muda jirani wa ukuta wa pili akabisha hodi na habari za kunguni. Bi Amri alikuwa hoi, akaona kumweleza mtu kuwa yeye si mpuliza dawa ni kazi kubwa kuliko kumjibu. Akasoma kidogo kwenye simu, akamwambia aanike magodoro juani na amwagie vitanda maji ya moto kwenye nyufa. Kunguni wakaisha. Basi hapo hata angeapa, nani angemwamini?

Kwa tabia hakuwa mgomvi. Watu waliomjua ofisini wasingeamini, lakini nyumbani Bi Amri alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Mlango wa choo usipofungika, aliushika kwa mguu. Mume akikoroma, aligeukia ukutani. Mama mkwe akifunua sufuria na kuongeza chumvi yeye mpishi akiwa amegeuza mgongo, Bi Amri alikula, akanywa maji, akanyamaza. Alijiambia kwamba nyumba ni kuvumiliana. Na kweli alivumilia, ila aliandika.

Habari ya kuandika ilianzia ofisini, kwenye ubishi wake na meneja. Meneja alikuwa kijana mtanashati, mpenzi wa rangi. Malalamiko yote ya wateja aliyaweka kwenye ubao fulani wa intaneti, kila lalamiko kwenye kadi yake: nyekundu la haraka, njano la kungoja, kijani lililokwisha. Asubuhi alisimama mbele ya skrini kubwa na kuziburuta kadi kutoka upande huu kwenda upande ule, akajisikia ametenda kazi. Bi Amri ubao ule ulimkera rohoni.

"Msimbo wetu unakaa hapa, kwenye ghala letu," alimwambia, maana msimbo wa programu yao waliuhifadhi kwenye ghala moja la kompyuta linalokumbuka kila badiliko, nani kalifanya na lini. "Kasoro zake zinakaa huko kwa watu, kwenye intaneti. Mgonjwa amelazwa wodi hii, cheti chake kiko mji mwingine. Ndio utabibu gani huo?"

"Wewe unatakaje?"

"Vilale nyumba moja. Anayechukua nakala ya msimbo achukue na kasoro zake zote, awe na intaneti asiwe nayo. Ukitaka kuziona unaandika amri moja tu, zinajipanga. Ukiirekebisha unaandika amri, inafungwa. Na kila neno linabaki kwenye kumbukumbu, hakuna wa kusema hakuambiwa."

Meneja alifikiri. "Zinakuwa na rangi?"

"Hazina."

"Sasa nani atazitazama?"

Hata hivyo alimruhusu, kama unavyomruhusu shangazi yako kutia majani yake mwenyewe kwenye chai. Bi Amri akauweka mtambo huo mdogo wa kuandikia kasoro kwenye ghala, akawa kila siku ananakili malalamiko ya wateja kutoka kwenye ubao wa rangi na kuyaingiza kwenye skrini yake nyeusi. Hakuna mwingine aliyeutumia. Aliwaeleza wenzake jinsi ya kuzisoma kasoro, wakaitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye kadi zao.

Ila kabla ya kuuleta ofisini alikuwa ameujaribu nyumbani. Mpishi mwenye akili huonja kabla ya kupakua. Kwa jaribio alihitaji kasoro, na kasoro hazikuwa mbali. Akajitengenezea ghala dogo kwenye kompyuta yake, akaandika ya kwanza: mlango wa choo haufungi kwa ndani. Amekabidhiwa: Fundi. Hali: wazi. Akagonga. Akaona moyoni ubaridi wa ajabu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Akaandika ya pili. Ilipofika jioni ya siku hiyo alikuwa amesahau kwamba anajaribu mtambo.

Tangu hapo, kila jambo alilolimeza mezani alilitapika kwenye kibodi. Fundi anakoroma akilala chali. Fundi anaacha sindano za kushonea kwenye mto wa kiti. Mama mkwe anaongeza chumvi kwa siri. Mama mkwe anaonja vya watu kisha anavisema. Mama mkwe anaingilia simu za watu. Nyingine alizifunga, ile ya sindano Fundi aliirekebisha bila kujua kuwa imeandikwa, siku alipoikalia mwenyewe. Nyingine, baada ya kuzitafakari, aliziandikia "haitarekebishwa", neno la kazini kwao kwa kasoro ambayo watu wameamua kuishi nayo.

Sasa sikiliza mkosi ulivyoingia. Kampuni ilimpa kompyuta mpya. Alipohamisha vitu vyake, mipangilio ya ghala la nyumbani aliinakili kutoka ghala la ofisini, kwa kuokoa muda, na pamoja na mipangilio akanakili anwani ya kupelekea. Kuanzia siku ile, kila alipomaliza kuandika mambo ya nyumbani na kutoa amri ya kusukuma, yaani ya kupeleka nakala kwenye ghala la mbali, alidhani anayasukuma kwenye kona yake ya siri. Kumbe yalikwenda moja kwa moja ghala la ofisi, yakakaa bega kwa bega na malalamiko ya wateja. Yeye hakuyaona huko, kwa kuwa msukumaji alikuwa peke yake na hakuwa na haja ya kuvuta kitu kutoka ghalani. Wengine hawakuyaona, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye rangi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na hawakuwa hata na kompyuta.

Wakati huo huo hospitali moja, mteja wao mkubwa, ilianza kuchoka nao. Mashine ya hospitali ilikuwa inaita mtu asiyekuwepo. "Namba sifuri," ilisema sauti tamu ya Bi Amri, "dirisha la saba." Namba sifuri hakuna, na madirisha yalikuwa sita. Wagonjwa wakatazamana. Alikuwepo mzee mmoja mjanja aliyeacha kabisa kuchukua kikaratasi. Alikuja, akakaa karibu na mlango, akasubiri sifuri, ikiitwa akainuka na kwenda dirisha lolote lililo wazi. Makarani wakamzoea, wakawa wanamwita Mzee Sifuri. Lakini wagonjwa wengine walikuja juu, na matroni wa hospitali, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, akaita kikao. Aliandika kwa ufupi: njooni mnionyeshe malalamiko yetu yote na mlichofanya, au njooni mchukue mashine yenu.

Wakaenda watatu. Meneja kwa ajili ya kusema, Bi Amri kwa ajili ya kujibu, na kijana wa kuijaribu programu, ambaye walimwita Sindano kwa kuwa alipenda kuchomachoma kila kitu aone kama kitavuja. Alipoingia ukumbi wa mapokezi Bi Amri alimuuliza mlinzi, "Chumba cha mikutano ni dirisha... samahani, ni mlango upi?" Wagonjwa kadhaa wakainuka. Mzee mmoja karibu na mlango alisogea hata akawatangulia.

Chumbani walikuta meza ndefu. Matroni alikaa kichwani, pembeni yake makarani wawili wa mapokezi, na mwishoni fundi wa hospitali, bwana mnene mwenye bisibisi mfukoni, ndiye aliyekuwa akiitunza mashine. Meneja akaunganisha kompyuta yake na projekta, akasafisha koo, akafungua ubao wake wa rangi. Ukutani pakatokea kijiduara kinachozunguka. Kikazunguka. Meneja akatabasamu. Kikazunguka tena.

"Intaneti yetu imekatika tangu asubuhi," alisema fundi wa hospitali. "Wanachimba barabara."

Meneja alishika simu yake, akaiinua juu kama anayetafuta ndege. Haikushika. Akaanza kueleza kwa mdomo jinsi kadi zilivyo, na zile nyekundu zilivyopungua.

"Sijaja kusimuliwa," alisema matroni. "Nimekuja kuona."

Hapo Bi Amri alihisi saa yake imefika. Alijizuia kutabasamu, asionekane anamcheka bosi wake. "Mama, kasoro zenu zote tunazo humu humu," alisema. "Hazihitaji intaneti. Sindano, lete yako."

Kompyuta ya Bi Amri haikuwa na tundu la waya wa projekta, lakini ya Sindano ilikuwa nalo, na jana yake Sindano alikuwa amevuta nakala mpya ya ghala zima. Wakaunganisha. Ukuta ukawa mweusi. Makarani wakaegemea mbele, wakidhani umeme nao umekwenda. Bi Amri akavuta kiti, akaandika amri yake kwa vidole viwili vya madaha, akagonga, akageuka kuwatazama watu, mgongo wake ukiwa kwa ukuta.

"Hizi hapa," alisema. "Zote. Hatujaficha hata moja."

Watu wakasoma. Kwanza walisoma wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mashine inamwita namba sifuri: wazi. Sauti inataja dirisha lisilokuwepo: wazi. Mlango wa choo haufungi kwa ndani: wazi.

"Hilo kweli kabisa," alisema karani mmoja. "Mimi natumia ndoo kuuzuia."

"Nani aliwaambia?" aliuliza matroni, kidogo amevutiwa. "Hata sisi hatujaliandika."

Bi Amri hakuelewa, akajua tu kwamba mambo yanakwenda vizuri. "Sisi tunafuatilia kila kitu, mama," alisema.

Fundi wa hospitali alikuwa anasoma polepole, midomo ikicheza. Akafika mstari uliofuata, akasimama. Akausoma tena. Kisha akasukuma kiti nyuma.

"Nani kasema mimi nakoroma?"

Akachomoa bisibisi mfukoni, akaielekeza ukutani.

"Nauliza kwa heshima. Imeandikwa pale: fundi anakoroma akilala chali. Mimi zamu ya usiku najinyoosha kidogo tu, kwa ajili ya mgongo. Nani kaja kunichungulia?"

Bi Amri aliyatambua maneno hayo: yalikuwa yake mwenyewe. Hakugeuka. Alikuwa anasema moyoni, haiwezekani, haiwezekani, huku shingo ikijua kuwa imewezekana. Nyuma yake Sindano, ambaye hakujua lolote ila alikuwa mtu wa kusaidia, alishusha orodha ili watu waone zilizobaki.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Bi Amri asingeweza kulijua. Hospitalini pale, kuanzia wauguzi hadi wafagizi, matroni alikuwa na jina la kando. Walimwita Mama Mkwe. Walimwita hivyo koridoni, jikoni na kwenye ngazi, na siku zote waliangalia nyuma kwanza. Sasa jina hilo lilikuwa ukutani kwa herufi za ukubwa wa mkono. Mama mkwe anaongeza chumvi kwa siri. Mama mkwe anaonja vya watu kisha anavisema. Mama mkwe anaingilia simu za watu. Hali: haitarekebishwa.

Karani mmoja aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mwingine alifumba macho kama mtu anayesali. Fundi wa hospitali alisahau hasira yake, akakaa.

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama Mkwe ni nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ilionekana wazi kwamba anajua, na kwamba amejua kwa miaka, na kwamba alikuwa akingoja tu siku mtu atakapolileta mezani.

 Karani wa chini ya meza hakupanda.

Bi Amri aligeuka mwishowe, akautazama ukuta. Nyumba yake yote ilikuwa imeanikwa pale kama nguo za ndani kwenye kamba ya mtaani. Angeweza kuizima kompyuta. Angeweza kusema ni hitilafu ya mtambo, na meneja alikuwa tayari anaanza kusema hivyo. Lakini aliwatazama wale makarani, akaona kuwa wakitoka hapa watalipa wao kwa aliyoyaandika yeye.

"Ni wangu," alisema. "Mama mkwe wangu. Anakaa nyumbani kwangu. Na huyo fundi si huyu kaka, ni mume wangu, anashona sofa. Mlango wa choo pia ni wangu. Nilikuwa naandika mambo ya nyumbani kwangu, nikayatuma pasipo pake. Naomba radhi, mama. Na wewe kaka, samahani."

"Wa kwako anakoroma chali tu?" aliuliza fundi wa hospitali.

"Chali tu. Ubavu hakoromi."

"Afadhali yake."

Matroni hakucheka. Alinyoosha kidole. "Ifungue hiyo ya chumvi."

"Mama, ni mambo ya..."

"Ifungue."

Bi Amri akaandika amri, kasoro ikafunguka. Ikaonekana siku ilipoandikwa, kisha maelezo yaliyoongezwa baadaye: nimejaribu kutia chumvi kidogo zaidi mimi mwenyewe, akaongeza vile vile. Nimejaribu kutotia kabisa, akatia ya watu wawili. Nimejaribu kukificha kikopo, akanunua chake. Matroni akasoma yote mpaka chini, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Naye alikuwa na mkwe, na kwake, ilisemekana, kilikuwepo kikopo.

"Sasa ifungue yetu ya sifuri."

Ikafunguka. Nayo ilikuwa na maelezo marefu vile vile: imetokea asubuhi, haijatokea jioni, imetokea karatasi zikiisha. Fundi wa hospitali akasema kwa hakika karatasi zikiisha mtu huendelea kubonyeza, na yeye huja kubadilisha bunda baadaye. Bi Amri akamkazia macho. Mtu amebonyeza, kikaratasi hakikutoka, mashine imemhesabu mtu asiye na namba. Sifuri. Na mtu asiye na namba hana dirisha, basi inamtupia la mwisho jumlisha moja. Wakaliona wote wawili kwa pamoja, wakaanza kuzungumza kwa kupokezana kama watu waliosoma darasa moja, na meneja akabaki ameshika waya wake.

Kasoro ikarekebishwa wiki hiyo. Aliyelalamika ni Mzee Sifuri peke yake, aliyefika mpaka ofisi ya matroni kuuliza kwa nini namba yake imefutwa.

Mashine haikuondolewa. Sharti la matroni lilikuwa moja: mlango wa choo cha mapokezi uandikwe kwa niaba ya hospitali, ukabidhiwe fundi wake, na usifungwe mpaka yeye mwenyewe aujaribu. Bi Amri akaandika. Kuhusu lile jina, matroni hakusema neno, ila inasemekana tangu siku hiyo wauguzi walianza kumsalimia kwa kuinama zaidi, na yeye akaanza kuitikia kwa muda mrefu zaidi kidogo.

Ofisini, Bi Amri aliomba kasoro zake zifutwe ghalani. Sindano akakuna kichwa. "Bi Amri, wewe ndiye uliyetufundisha. Hapa hakuna kinachopotea. Nikizifuta kwangu, ziko kwa meneja. Akizifuta meneja, ziko kwenye seva. Na tangu juzi kila mtu amevuta nakala."

"Kila mtu?"

"Umesema kwa muda mrefu watu waanze kuutumia huu mtambo," alisema Sindano kwa upole. "Wameanza."

Alikusudia kumwambia mumewe. Alikusudia Jumatatu, akakusudia Jumanne. Lakini fundi wa hospitali alikuwa na viti vya mapokezi vilivyochanika, na alipouliza mjini ni nani anayeshona vizuri, akaelekezwa kwa nani kama si kwa Fundi? Akashusha viti karakana, wakapatana, wakaongea hata akajua mkewe ni nani, na alipokuwa anaondoka akampiga bega mwenzake. "Pole ndugu yangu. Kumbe tuko wawili. Jaribu kulala ubavu."

Fundi alirudi nyumbani mapema. Akanawa mikono, akakaa. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Mama watoto," alisema Fundi, "nasikia mimi ni kasoro namba ngapi sijui."

Bi Amri akaweka sahani mezani. Hakubisha. Akaleta kompyuta, akaifungua mbele yao, kwa kuwa lililobaki la kuficha halikuwepo. Fundi akasoma zote. Mama yake, ambaye jicho lilipona lakini herufi ndogo hazikumpenda, akataka kusomewa kwa sauti, na mwanawe akamsomea, akipunguza sauti kwenye zile za mama mkwe, na kila alipopunguza mama akasema, "Sema vizuri."

Alipomaliza, mama mkwe alinyoosha vidole kuhesabu.

"Chumvi sawa," alisema mama mkwe. "Natia. Simu nayo sawa, nasikiliza, nani aliye na masikio asisikilize. Lakini hilo neno la mwisho. Hai nini?"

"Haitarekebishwa," alisema Fundi.

"Mwanangu," mama mkwe alimgeukia Bi Amri, "ndiyo kusema umenikatia tamaa hata kabla ya kuniambia?"

Katika yote aliyojiandaa kusikia, hili halikuwepo. Bi Amri akaisukuma kompyuta kando. "Sikutaka kukuudhi, mama."

"Ukaniandika."

"Nikakuandika."

"Mimi nimekaa humu nikijua hujui chumvi, nakusaidia kwa siri nisikuaibishe. Kumbe na wewe unanistahi kwa siri. Sasa hapa nani kamsaidia nani?"

Fundi alianza kucheka kabla hajataka. Akafunika mdomo, mabega yakamsaliti. Kisha akaangalia tena skrini, akashusha orodha mpaka chini, akaipandisha. "Mbona wewe humu hujaandikwa?"

"Mimi?"

"Kasoro zangu zimejaa. Za mama zimejaa. Zako hata moja. Nyani haoni..."

"Malizia huko huko," alisema mkewe.

"Andika," alisema mama mkwe, akisogeza kiti. "Kila akiitwa husema 'ngoja kidogo', na kidogo yenyewe haiishi."

"Hiyo si kweli, mama. Kazini tunasema kasoro isiyoweza kurudiwa mbele ya fundi haiwezi kukubaliwa."

"Sawa. Niletee maji."

"Ngoja kidogo, namalizia hapa..."

Alisikia mwenyewe. Vidole vikasimama juu ya kibodi. Mama mkwe alikunja mikono yake. Bi Amri akaandika kasoro yake ya kwanza, akajikabidhi mwenyewe, akaiacha wazi, kisha akaenda kuleta maji.

Mlango wa choo Fundi aliurekebisha kesho yake. Kilichohitajika kilikuwa skrubu moja. Kukoroma kuko wazi mpaka leo, na kuna maelezo mengi chini yake, mengine ya Fundi mwenyewe akijitetea. Chumvi walipatana iwekwe mezani, kila mtu ajitilie, na mama mkwe alikubali, akasema lakini chakula kisichoungwa na chumvi jikoni hakina akili. Ghala la nyumbani lina anwani yake sasa, na Bi Amri huisoma kwa sauti kabla ya kusukuma chochote.

Aliyebadilika zaidi ni mama mkwe. Alidai afundishwe. Bi Amri akamkuzia herufi kwenye ile skrini nyeusi mpaka zikawa kama za bango, akamfundisha amri tatu: ya kuandika, ya kuona, ya kufunga. Rangi hakuziulizia. Ndani ya muda mfupi alikuwa amemwandika paka wa jirani, muuza maziwa, na kengele ya shule ya jirani inayolia kabla ya wakati. Bado anawaambia watu mkwewe ni mpuliza dawa, ila huongeza kuwa siku hizi hata yeye anapuliza kidogo.

Asubuhi moja Bi Amri aliamka, akafungua orodha kabla ya kwenda kazini, akakuta ile ya "ngoja kidogo" imefungwa. Akatafuta kumbukumbu. Aliyeifunga: mama. Maelezo: anajitahidi. Akayasoma tena, kikombe mkononi.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka chumbani, "njoo unifunge kifungo cha nyuma."

"Ngoja kidogo, mama."

Jioni aliporudi alikuta imefunguliwa tena.